Mmea wa Perere

Hekaya hii aliisimulia kwanza Mbega mzee wa kileleni, mwaka ule ukungu ulipokaa msituni miezi mitatu.

Perere aliishi na mkewe na watoto wawili katika tundu la mti. Mlango ulifunikwa na mmea utambaao ambao haukuonekana kwingine kokote, na majani yake ndiyo yaliyowaficha wasionwe na Tai. Perere aliuonea fahari mno. Akaenda barazani, mahali ambapo hakuna anayemla mwenzake, akaomba mmea huo uitwe kwa jina lake.

Tai akacheka. "Kila mwaka huja mtu na mmea wake wa ndotoni."

"Wangu upo mlangoni."

"Basi ulete, bwana mkubwa. Mzima, na mizizi yake. Jani moja hata mimi naweza kuokota."

Mkewe alimsihi. "Baba watoto, upo huu mmoja tu. Jina litatufunika?"

"Unataka niitwe mwongo?"

Akaung'oa, akaukokota hadi barazani. Wanyama waliupapasa, wakastaajabu, wakauita Mperere. Tai alikuwa wa kwanza kumpongeza, na wa kwanza kuaga.

Perere aliporudi na jina lake, aliliona tundu tangu mbali, jeusi na wazi. Ndani hamkuwa na mtu.

Mmea ule haukuota tena. Mbega naye amekwisha kufa. Walio hai ni Perere na Tai, na bado hukutana barazani.