Pishi ya Wanakemia

Mwanaisha akishindwa jaribio hili la mwisho, anafukuzwa chuoni. Ameambiwa apime moli moja ya kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Moli ndiyo pishi ya wanakemia: chembe hazihesabiki, basi hupimwa uzito, na moli ya kostiki ni gramu arobaini kamili.

Akadondosha punje mojamoja, taratibu, mpaka arobaini ikatimia. Alipoinua kalamu aandike, namba ya mizani ikapanda. Akatoa punje. Ikapanda tena.

“Mwalimu, mizani yako ina pepo!”

“Pepo gani, mwanangu? Kostiki hunywa maji ya hewani. Umeibembeleza mno.”

“Niongezee nianze upya.”

“Kopo tupu hilo.”

Mwanaisha akaikinga sahani ya mizani kwa viganja, akabana pumzi. Punje zikazidi kumeta, zikitota kama paji la uso wake.