Kinanda cha Pili

Tundu la nne puliza, la tano vuta. Hivyo ndivyo Tunu alivyofundishwa na mumewe kupiga kinanda cha mdomo, na mpaka sasa aliuweza wimbo mmoja tu, ule wa harusi yao. Asubuhi hiyo, akikagua mifuko ya koti la mumewe kabla ya kulifua, akakuta kinanda kingine. Akapuliza matundu yaleyale. Wimbo ukatoka chini, mzito.

Akampelekea jirani yao, mwalimu wa kwaya. "Kimeharibika?"

"Kizima, mama. Chako ni cha ufunguo wa C, hiki cha ufunguo wa G. Matundu ni yaleyale, sauti ndiyo inashuka. Mpigaji huchagua kwa kufuata sauti ya mwimbaji. Wewe una sauti nyembamba, cha C kinakutosha."

"Na hiki?"

Mwalimu akaanza kupanga vitabu vya nyimbo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. "Cha mwenye sauti nzito."

Tunu alirudi uani, akasimama kwenye kamba ya nguo, akaupiga tena wimbo wa harusi yake kwa kinanda kile cha G. Alipofika ubeti wa pili, nyuma ya ukuta mwanamke akaupokea kwa sauti nzito, bila kukosea neno, kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo.