Sakafu ya Hatibagan

Nirupama alivua kandambili zake katikati ya duka la sari, mtaani Hatibagan.

"Mama, humu hawavui viatu," mkwewe, mke wa mwanawe, alimnong'oneza kwa aibu. "Watu wanatuangalia."

Duka hili zamani lilikuwa ukumbi wa maigizo, na jina la Nirupama lilibandikwa pale mlangoni kwa herufi kubwa kuliko la mtu mwingine yeyote. Kisha akaolewa. Ukweni walitaka mke, hawakutaka mwigizaji, naye akanyamaza miaka arobaini.

Aliinama, magoti yakamlia, akagusa sakafu kwa vidole, akavipeleka kwenye paji la uso, kama walivyofanya wote kabla ya kukanyaga jukwaa. Vigae vilikuwa baridi. Zile mbao za jukwaa la zamani zilikuwa na joto.

"Umekosea tena, dada," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa mlinzi wa mlango, mzee wa mvi tupu. "Hata enzi zile ulikuwa husimami unapopangiwa. Hapo palikuwa na viti vya watazamaji. Jukwaa lilianzia kule, kwenye sari za hariri."

Mkwewe alimgeukia. "Mama, jukwaa gani?"

Nirupama alikuwa ameshafika kwenye hariri, miguu mitupu. Mzee aliweka rungu lake chini, akashika hewa kwa mikono miwili, akaanza kuvuta pazia, kama alivyolivuta enzi zile.