Glavu Juu ya Betri

"Nzima kabisa," meneja alisema, akimwonyesha Ragnhild simu. Pasipoti ya kidijitali ya betri ya kivuko, ile inayotakiwa na sheria mpya, ilionyesha: afya njema, joto la kawaida. "Tia sahihi, abiria wanangoja."

Ragnhild, injinia mkuu, aliitazama betri yenyewe. Juu yake mabaharia walikuwa wameanika glavu zao za sufi. Msimu mzima wa baridi walizikausha hapo, kwani hapakuwa na pengine palipokausha upesi vile. Hata zake zilikuwapo.

Akamgeukia meneja. "Haya mmeyaandika mkiwa ofisini Oslo?"

"Usianze, Ragnhild."

"Ikilipuka, utauonyesha moto simu yako?" Akazisukuma glavu zote chini. "Haya, weka shavu hapa mpaka tufike ng'ambo."

Meneja akatia mikono mifukoni.