Chatu Kwenye Friji

Chatu alikuwa kwenye friji ya maabara, amejiviringa kando ya chupa za kemikali, na mwalimu wa baiolojia hakubandua macho kwenye saa.

"Dakika arobaini sasa," alisema mtunza maabara, mzee ambaye shule nzima ilimwita Mjomba. "Mwanangu, una hakika?"

"Akipoa anakakamaa kama maiti. Ofisa ataandika amekufa, ataenda zake. Tukimweka juani, anaamka. Ila yasizidi masaa mawili, Mjomba. Yakizidi, haamki."

Sheria mpya ilikuwa imepiga marufuku kufuga nyoka wa kigeni. Walikuwa wakikusanywa mmoja mmoja, na hakuna aliyesikia kwamba kuna aliyerudi. Mwalimu alikuwa ameandika barua nne kuomba Mkanda, chatu wao wa kigeni, aachwe shuleni. Kimya. Miaka saba watoto walikuwa wakimshika huyu chatu, na wale wale waliokimbilia fimbo wakiona nyoka, siku hizi waliwagombeza wazazi wao wanaoua nyoka. Mwalimu alimpenda, basi, na hakuona haya kulisema.

Ofisa wa wanyamapori aliahidi kufika saa nne kamili. Saa nne na nusu akapiga simu.

"Mwalimu, niko njiani. Nangoja karatasi yako tu."

"Karatasi ya kumchukulia," Mjomba alinong'ona.

Saa sita: "Niko njiani." Hiyo "niko njiani" tunaijua sote, mtu huisema akiwa bado anatafuta kiatu.

"Tumtoe, mwanangu."

"Akipata joto atajivuta mbele ya ofisa, kwisha habari yetu. Kidogo tu, Mjomba."

Alifungua friji mara tatu, na mara tatu akaifunga.

Saa nane pikipiki ilisimama nje. Mwalimu akamtoa Mkanda mbio mbio, akamlaza mezani. Mdomo ulikuwa umeachama. Akamsugua, akamkumbatia kifuani, akamwita. Ofisa alipoingia alimkuta analia, na hakuwa akiigiza.

Ofisa akavua kofia. "Amekufa? Jamani! Pole sana, Mwalimu." Alifungua mkoba wake. "Na mnisamehe kwa kuchelewa. Mkubwa alikuwa kikaoni, nami niliapa sibanduki mlangoni kwake bila saini."

Akaweka mezani kibali cha kumfuga Mkanda shuleni mpaka mwisho wa uhai wake.