Kitambaa cha Televisheni

"Mwanangu, washa televisheni basi, leo Idi," alisema baba yake Salha, mgonjwa aliyerudi juzi kutoka ughaibuni.

Salha akashika ukingo wa kitambaa kilichoifunika. Marehemu mama yake ndiye aliyekifuma. Idi moja ya utotoni mwake, majirani walijaa sebuleni humu kumwona baba kwenye kipindi cha salamu za sikukuu. Baba alitokea, akacheka, akamsalimu mkewe na watoto kwa majina. Majina hayo mama aliyasikia kwa mara ya kwanza. Akawapitishia wageni sahani ya vileja, kisha akaifunika televisheni.

"Mbovu?" akauliza baba.

"Sijui, baba. Mara ya mwisho kuwashwa tulikuona wewe."

Mzee akakikodolea macho kitambaa, kana kwamba kipindi kinakaribia kuanza.