Fundi Saa Amenyamaza

Wiki ya tatu ilikuwa inakatika Fundi Saa hajaandika hata mstari, na Besi alijua fika kosa ni la nani. Lilikuwa lake.

Hawakuwahi kuonana hao wawili. Besi alikuwa fundi wa friji, mtu wa miaka hamsini na mbili, na jina hilo alijibandika mwenyewe kwa kulipenda gitaa la besi. Fundi Saa yeye alikuwa jina tu kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni wa wapenzi wa roki. Si roki ya mabendi makubwa, la. Ni ya zile bendi ndogo za magitaa yanayokwaruza, zinazorekodi albamu gereji na kuuza nakala mia tatu. Zamani ukurasa ulikuwa na watu kibao. Wakapungua, wakapungua, wakabaki wawili hao tu.

Kila siku saa kumi na mbili jioni, Fundi Saa aliweka maoni yake. Albamu moja kwa siku, basi. Besi alikuwa ameshavaa miwani anamsubiri, na akishasoma anamjibu hapo chini mpaka vidole vinamuuma. Dada yake alipopiga simu kumsihi atafute watu wa kukaa nao, maana nyumba ile isiyo na mke wala mtoto itamtia wazimu, Besi alicheka. Alimwambia anaye mtu wake, tena mbishi haswa.

Mbishi, na mwenye maringo yake. Hakuwahi kumtaja Besi kwa jina hata siku moja. Albamu za miaka ya karibuni hakuzigusa kabisa, na ukimsifia moja, kesho yake anakuletea ya zamani. Besi alishamzoea. Siku moja Fundi Saa alilalamika kuwa mgongo unamsumbua, Besi akampa pole na kumuuliza kama amepata dawa. Kesho yake mwenzake akaandika kwamba amekaa kitako saa mbili nzima akisikiliza albamu yenye ngazi nyekundu kwenye jalada. Besi akafurahi, akalala vizuri, akijua mgongo wa mwenzake umepona.

Ugomvi uliletwa na albamu yenye mwavuli kwenye jalada. Fundi Saa aliandika kuwa ni nzuri, ila wimbo wa nne umeharibiwa na mpiga dramu. Hapo Besi hakuweza kuvumilia. Kwake yeye hakuna albamu iliyowahi kuipita ile. Mwimbaji ana sauti ya mtu mwenye mafua, sawa, lakini kwenye wimbo wa nne mpiga dramu anachelewa pigo moja, wenzake wanamsubiri, kisha wanaendelea naye. Wangeweza kulifuta wakaliacha. Besi aliusikiliza wimbo huo wiki ile mkewe alipofungasha na kuondoka, na ni pigo lile lililomwinua kitandani. Aliyaandika yote hayo, mambo ambayo hata dada yake hakuwahi kuambiwa.

Jioni iliyofuata Fundi Saa akaandika: "Bado niko na ile ya mwavuli. Mpiga dramu wa namna ile ni saa mbovu. Hahurumiwi, anafukuzwa. Sina la kuongeza."

Besi aliona giza. Yaani amemfungulia mtu kifua chake, halafu anajibiwa vile! Akaandika, "Kafie mbele huko na saa zako," akaitupa simu kwenye kochi.

Asubuhi hasira zilishakwisha. Jioni saa kumi na mbili, kimya. Kesho yake kimya. Besi akaomba radhi, akaomba tena, mara kumi na moja kwa hesabu yake mwenyewe, na hakuna aliyemjibu. Akaanza kuwaza presha, akawaza moyo. Mtu mzima wa watu, pengine anaishi peke yake kama yeye, ameambiwa akafie mbele. Chakula hakikupita, na friji za wateja zikarundikana karakana.

Fundi Saa aliwahi kutaja chumba chake cha kazi: mlango wa kijani, nyuma ya posta ya mji huohuo wa Besi, mkabala na kinyozi. Jumamosi Besi alivaa shati lake la maana, akaibeba santuri ya mwavuli, nakala pekee aliyokuwa nayo, akaenda kumpa.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye aproni na lenzi ya fundi imepandishwa kwenye paji la uso. Akamwamkia, akampisha aingie. Besi hakungoja kuulizwa. Akamwambia anamtafuta Fundi Saa, yule anayeandika habari za albamu. Kwamba yeye ndiye Besi, kwamba alimtukana, kwamba hakukusudia. Kama amelazwa, aonyeshwe wodi. Na kama ni vingine, basi... hapo akamnyooshea ile santuri.

Mwanamke alimvutia kiti. Jina la Besi halikumshtua.

"Mzee wangu, huyo ni baba yangu," alisema taratibu. "Ana miaka sita tangu afariki. Aliacha madaftari, na mimi kila nikifunga kazi nilikuwa nanakili ukurasa mmoja naweka pale, mpaka juzijuzi yakaisha."

Kisha akamtazama vizuri, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Kwani kuna mtu alikuwa anasoma?"